Wakamba Hawakuharibu Jina la Kenya

Kila nikialikwa Kitui au Wote kuzungumzia lugha, swali ni lile lile: "Mwalimu, si jina Kenya limetokana na Wakamba kushindwa kutamka Kirinyaga?" Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja wa Mutomo, tena kwa sauti ya chini, kama anayeungama kosa la babu zake. Si kweli, na nimechoka kusikia watu wakifundishwa kuionea haya lugha yao.

Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Mawingu yakapasuka, akauona mlima wenye theluji. Wenyeji wake waliuita Kĩĩnyaa; kwa Wakikuyu ni Kĩrĩnyaga. Yeye akaandika Kegnia, pia Kenia. Mwaka 1920 koloni nzima ikapewa jina hilo.

Sasa huo "ulimi mzito" wanaosingiziwa Wakamba. Nilimwuliza yule mama: mvua mnaiitaje? "Mbua." Mkikuyu huiita mbura. Njia? "Nzĩa." Kwa Mkikuyu ni njĩra. Palipo na r katika Kikuyu, mara nyingi Kikamba hakina kitu. Haya, g nayo: mgeni kwa Mkikuyu ni mũgeni, kwa Mkamba mũeni, shamba ni mũgũnda kwa huyu, mũũnda kwa yule. Chukua Kĩrĩnyaga, toa r, toa g, soma kilichobaki: Kĩĩnyaa. Kosa la ulimi huja leo na kesho likapotea. Hili hujirudia neno baada ya neno, kizazi baada ya kizazi. Hiyo ni sheria ya lugha.

Na Mswahili je? Husema mvua na njia, r haipo. Mbona hatujasikia kwamba Waswahili walishindwa kutamka mbura? Lugha hizi ni ndugu. Kila moja imerithi neno na kulitamka kwa kanuni zake. Wakamba hawakuazima jina la mlima wakaliharibu. Walikuwa na lao.

Ya kufanya ni machache. Andika Kĩĩnyaa kwa irabu zake zote. Ukisimuliwa asili ya neno lolote, dai maneno mengine matatu yaliyogeuka vivyo hivyo. Yakikosekana, achana na hadithi hiyo. Walimu, pangeni mbura, mbua na mvua ubaoni, watoto waione sheria wenyewe. Wazee wa Mwingi na Kibwezi warekodini kwenye simu mapema.

Yule mama alirudia mara mbili, "Mbua, mvua." Mara ya pili ukumbi mzima ulimsikia.