Je, Wajua? RAM ya Pili Ndiyo Huiamsha Grafiki

Kuna ombi ambalo mafundi wa Kariakoo, na wenzao wa Luthuli kule Nairobi, wamelizoea: "Fundi, niwekee grafiki ya 4GB humu, nataka kucheza GTA." Fundi muungwana husema haiwezekani. Mwingine, kodi ya fremu ikiwa imemkaba, hufunga RAM moja kubwa, hupokea pesa yake, na kijana hurudi nyumbani na gemu linalokwama vilevile.

Huyo wa kwanza kasema kweli, ila kaishia njiani. Kwenye laptop nyingi chipu ya grafiki imechomewa kwenye mazabodi pamoja na kumbukumbu yake, na uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Wapo waliojaribu kwenda kinyume. Nvidia iliwahi kuleta kadi za MXM za kuchomeka na kuchomoa, Dell ikaja na Alienware Area-51m mwaka 2019, na sasa ipo Framework Laptop 16, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2024 ikiwa na grafiki ya kufungua kwa nyuma. Mwaka 2025 ikatangaziwa moduli ya RTX 5070 inayoingia kwenye mashine ileile. Hizo hutazikuta kwenye rundo la laptop zilizotumika zinazoshushwa hapa kutoka Ulaya na Dubai. Kuhusu kisanduku cha nje cha grafiki kinachounganishwa kwa Thunderbolt, jumlisha bei yake na ya kadi utakayoitia ndani, kisha ulizia kompyuta ya mezani.

Inabaki RAM, kifaa ninachokipenda na ambacho watu hukidhulumu kwa kukihesabu GB tu.

Robert Dennard wa IBM aliibuni seli ya RAM mwaka 1966, na hataza ikatoka 1968. Seli hiyo ni transista moja na kapasita moja, basi. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiikosa ni 0. Tatizo ni kwamba kapasita hiyo ni ndogo mno na inavuja. Ukiiacha kidogo tu, 1 inageuka 0 na kumbukumbu imepotea. Ndiyo maana kwenye RAM ya kizazi cha DDR4 kila seli lazima ifufuliwe ndani ya milisekunde 64, na kidhibiti cha RAM hutoa amri 8,192 za kufufua katika muda huo, kisha huanza upya. RAM moja ya 8GB ina seli zaidi ya bilioni 68, zote zinasahau kwa pamoja na zote zinakumbushwa, hata wewe ukiwa umeitazama skrini bila kugusa kitu.

Na kusoma nako kunaharibu. Chaji ya seli ni ndogo kiasi kwamba kuipima ni kuimwaga: ni kama kujua kilichomo kikombeni kwa kukinywa chote, halafu kukijaza tena kabla mwenyewe hajarudi. Vikuza ishara vilivyo pembeni ya safu za seli hufanya kazi hiyo ya kunywa na kujaza kila mara data inapohitajika.

Joto huongeza uvujaji. Chipu ikivuka nyuzi 85 za Selsiasi, muda wa kufufua hukatwa nusu, milisekunde 32, na sehemu inayofufuliwa haiwezi kuhudumia gemu kwa wakati huo. Baridi hufanya kinyume. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao waligeuza kopo la hewa ya kupulizia vumbi juu chini, wakaipoza RAM hadi kama nyuzi 50 chini ya sifuri, wakazima kompyuta, na data ikabaki humo kwa dakika kadhaa. Wakachota funguo za siri za diski. Sasa fikiria laptop iliyolazwa juu ya godoro, Dar, mwezi wa Februari, matundu yake ya hewa yamezibwa na shuka. Kichakato na grafiki zitapunguza mwendo ili zisiungue, na mwenye laptop atailaumu RAM.

Turudi kwa yule kijana. Laptop yake ina grafiki iliyomo ndani ya kichakato, isiyo na kumbukumbu yake yenyewe. Inaazima RAM ya kawaida. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ni nukta zaidi ya milioni mbili, takriban megabaiti 8, na gemu linataka picha 60 kwa sekunde, ukiacha maumbo na rangi zinazosomwa tena na tena kabla picha haijakamilika. Ukubwa wa ghala hausaidii sana hapo. Kinachobana ni upana wa mlango. RAM moja ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Mbili, kila moja kwenye njia yake, hupitisha 51.2. Kwa hiyo 8 na 8 huishinda 16 moja kwenye laptop ya namna hiyo, na tofauti utaiona kwa macho.

Intel wenyewe wameliandika hili kwenye jina. Grafiki ya Iris Xe, iliyotoka mwaka 2020, ikikuta RAM moja tu hujitambulisha kwenye Windows kama UHD Graphics. Ongeza RAM ya pili, washa, na jina linabadilika kuwa Iris Xe. Chipu ni ileile. Na ukisoma mahali kwamba grafiki yako ina 128MB, usishtuke: hicho ni kiasi ilichotengewa mwanzoni, na Windows huiruhusu kuazima hadi nusu ya RAM yote.

Mwenye grafiki ya pekee yake ana hesabu nyingine. RTX 3060 ya laptop imezungukwa na chipu za GDDR6 zinazopitisha gigabaiti 336 kwa sekunde. RTX 3050 yenye 4GB ikijaa, mzigo unamwagikia kwenye RAM ya kawaida kupitia njia nyembamba, na hata ukiweka 32GB bado itakwama. Punguza ubora wa maumbo kwenye gemu lenyewe. Jina nalo lisikulaghai: RTX 3060 hiyohiyo inaweza kulishwa wati 60 kwenye laptop moja na 115 kwenye nyingine.

Kabla ya kulipa, fungua Task Manager, upande wa kumbukumbu. Ukisoma "Slots used: 1 of 2", una bahati. Ukisoma "Row of chips", imechomewa, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watengenezaji walijitetea kwamba kumbukumbu ya LPDDR haiwezi kuwekwa kwenye moduli, lakini kiwango cha moduli cha CAMM2 kilichopitishwa Desemba 2023 kimeudhoofisha utetezi huo. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na Afrika ndilo bara linalorejeleza kidogo kuliko yote, chini ya asilimia moja kwa njia rasmi. Laptop nzima kutupwa kwa sababu ya 4GB zilizogoma kuongezwa ni ujinga wa kiwandani, na jalala ni letu.

Yanayobaki ni ya haraka. DDR3 ya laptop ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, na pengo liko mahali tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usiikandamize. Toa betri kwanza. Gusa chuma kabla ya kugusa RAM. Mwendo ukitofautiana, zote zitafuata iliyo polepole. RAM uliyoichomoa usiitupe: inafaa kwenye laptop ya shule, kompyuta ndogo ya ofisini, mashine ya kuhifadhi mafaili nyumbani, au kwa fundi wa kupimia nyingine.