Olenya: Kambi ya anga ya Urusi iliyo jirani na Finland na Norway

Ndege kubwa za kivita za Urusi zinaporuka kutoka kambi ya Olenya, jeshi la anga la Ukraine huwatahadharisha raia kwamba huenda makombora yakawafikia saa chache baadaye. Kambi hiyo iko katika Rasi ya Kola, mkoani Murmansk, karibu na mji wa Olenegorsk. Ni chini ya kilomita 200 kutoka mpaka wa Finland, ilhali Ukraine iko umbali wa takriban kilomita 1,800.

Umuhimu wake ulianza enzi za Vita Baridi. Njia fupi ya angani kati ya Urusi na Marekani hupitia karibu na Ncha ya Kaskazini, hivyo Muungano wa Kisovieti ulihitaji viwanja vya ndege vya kaskazini. Oktoba 30, 1961, ndege aina ya Tu-95 iliruka kutoka Olenya ikiwa na bomu la hidrojeni, na kulidondosha katika visiwa vya Novaya Zemlya. Nguvu yake, takriban megatoni 50, ilizidi ya bomu la Hiroshima kwa zaidi ya mara 3,000. Hakuna bomu kubwa zaidi ya hilo lililowahi kulipuliwa.

Vita vya Ukraine vimeirejesha Olenya katika habari. Desemba 2022, droni za Ukraine ziliishambulia kambi ya Engels, mkoani Saratov, na ndege nyingi zikahamishiwa kaskazini. Umbali huo hauzizuii kushambulia, kwani makombora ya Kh-101 hufyatuliwa ndege zikiwa ndani ya anga ya Urusi. Hata hivyo, safari ndefu huchosha mitambo na huwapa raia wa Ukraine muda wa kukimbilia mahandaki.

Usalama wa umbali nao umepungua. Juni 1, 2025, droni zilizofichwa ndani ya malori zilishambulia Olenya na kambi nyingine kwa wakati mmoja. Ukraine ilidai kuwa ndege 41 ziliharibiwa au kuteketezwa. Maafisa wa Marekani walikadiria kuwa takriban 20 zilipigwa, na kati yake 10 ziliteketea. Urusi ilikiri kuwa ndege kadhaa zilishika moto. Ndege za Tu-95 na Tu-22M3 haziundwi tena tangu miaka ya 1990, hivyo iliyoteketea haina mbadala.

Kwa majirani, hali pia imebadilika. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ilijiunga na jumuiya ya kujihami ya NATO Aprili 4, 2023. Norway imo tangu mwaka 1949. Kwa hiyo kambi iliyojengwa kuitazama Marekani kupitia Ncha ya Kaskazini sasa imepakana na NATO upande wa magharibi, huku ndege zake zikielekea kusini, kwenye miji ya Ukraine.