Beta na Gurami Katika Hodhi Moja

Chini ya mafunjo ya vinamasi vyetu, maji hutuama yakawa meusi kama chai ya rangi, na oksijeni iliyomo ni haba mno. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, hawezi kustahimili humo. Hata hivyo mtu mwenye subira akiketi kimya ukingoni ataona uso wa maji ukitikisika hapa na pale. Ni samaki mdogo aliyepanda, akavuta pumzi moja ya hewa, akarudi chini. Mmoja wa samaki wa namna hiyo, aishiye katika mabonde ya Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, wataalamu humwita Ctenopoma muriei. Urefu wake ni kama wa kidole cha mtu mzima, naye alielezwa katika maandishi ya elimu ya viumbe mwaka 1906.

Tumeanza na mwenyeji huyu kwa kuwa wageni wawili tunaokusudia kuwazungumzia leo, beta na gurami, ni jamaa zake wa mbali. Wote, pamoja na matamvua ya kawaida, wana kiungo cha pekee kichwani, chenye mikunjo mingi iliyojaa damu, ambacho huwawezesha kuvuta hewa kama tuivutavyo sisi. Asili ya beta ni nchi ya Thailand, ambako alizoeshwa vita zamani. Daktari Theodore Cantor alipewa samaki hao na mfalme wa nchi hiyo mwaka 1840, na mwaka 1910 Charles Tate Regan akawapa jina la Betta splendens linalotumika hata leo. Gurami nao wana makao yao katika mito na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki.

Kwa sababu ya pumzi hiyo, wauzaji huwaweka beta ndani ya vichupa, na wanunuzi hudhani kuwa samaki asiyehitaji pampu hahitaji nafasi, na kwamba atakaa na yeyote. Hapo ndipo kosa huanzia. Kipawa kilekile kinachowaokoa samaki hawa katika maji mabovu ndicho kinachowagombanisha katika maji mazuri. Beta ni lazima afike juu ili avute hewa, na gurami vilevile. Dume wa beta hujenga kiota chake cha mapovu juu ya maji. Dume wa gurami wengi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hodhi liwe na kina kirefu namna gani, wapangaji hawa wawili wanagombea dari moja. Kuongeza kina hakusaidii. Kinachofaa ni upana wa uso.

Kwa maoni yetu, hodhi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 35 na kina cha 40, yaani lita 126 likijazwa hadi juu, ndilo dogo kabisa la kujaribia jambo hili. Humo aingie dume mmoja tu wa beta. Gurami wawe wa asali, ambao ni wadogo na wapole, watatu au wanne. Gurami wa madoa matatu tunamkataa kabisa: hukua hufikia sentimita 15, naye ni mchokozi. Gurami kibete dume, mwenye mistari ya buluu na nyekundu, tunamwogopa kwa sababu nyingine pia, ambayo tutaieleza. Beta akimwona samaki mwenye rangi kali kama zake humdhania mshindani, na gurami kwa upande wake huyadonoa yale mapezi marefu hata yakabaki matambara.

Msuluhishi ni mimea. Si kwa ajili ya urembo, kama wengi wanavyodhani, bali kwa sababu samaki asiyeonekana hafukuzwi. Ipandwe mimea mirefu inayopanda hadi juu, na ile inayoelea iachwe itawanyike, ili uso wa maji ugawanyike kuwa vyumba na kila mmoja apate mahali pake pa kuvutia pumzi. Lakini ibaki mianya. Majani yakifunika kila mahali samaki watakosa hewa na kufa wakiwa majini. Gugu maji lisiingizwe nyumbani hata kama maua yake yanavutia. Taabu ambayo gugu hilo limeleta Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 inatosha.

Katika sehemu za Mwello, mfugaji ana mashaka mawili ambayo vitabu vya Ulaya havimwambii. La kwanza ni mawe. Kandokando ya Tororo kuna miamba ya chokaa, ileile iliyoleta kiwanda cha saruji, na jiwe lake hufanya maji kuwa magumu, ilhali samaki hawa hupenda maji laini. Tone la ndimu likitiwa juu ya jiwe na kutoa povu, jiwe hilo lisiingie ndani. La pili ni baridi ya usiku. Maji yawe kati ya nyuzi 24 na 28, na umeme ukikatika hodhi lifunikwe kwa blanketi kuukuu huku likiachiwa upenyo, maana hewa baridi iliyo juu ya maji huwadhuru samaki wanaoivuta.

Zaidi ya hayo, chombo cha pili kiwe tayari tangu siku ya kwanza. Yuko beta ambaye hatamvumilia mwenziwe kwa lolote, na kumwacha humo kwa kutumaini kwamba atazoea ni kumhukumu gurami kifo.

Tuliahidi kusema juu ya gurami kibete. Samaki huyu hupatwa na ugonjwa wa virusi usio na dawa, na virusi vya jamii hiyohiyo vilithibitishwa mwaka 2018 katika sato wa kufugwa kwenye Ziwa Volta, nchini Ghana. Mwello iko mahali pa hatari kwa habari hii. Mto Malaba humwaga maji yake upande wa Mpologoma hadi Kyoga, na Mto Sio, unaopita mpakani karibu na Busia, huingia Ziwa Victoria, ambako watu wetu wanafuga sato katika vizimba. Ndoo moja ikimwagwa penye mtaro, hakuna ajuaye itaishia ziwa lipi. Tena gurami wa madoa matatu amekwisha kuzaana porini huko Queensland, Australia, mbali kabisa na kwao. Na vinamasi vyetu, ambavyo mbuta alishindwa kuviingia, yeye angevipenda.

Kwa hiyo maji machafu ya hodhi yamwagwe kwenye migomba au mboga, mbali na mfereji. Samaki aliyekufa afukiwe. Aliyezidi apewe jirani mwenye hodhi, na jirani huyo aelezwe kwanza juu ya blanketi na ndimu.