TAARIFA KWA WAVUVI: KUMHUDUMIA KASA ALIYENASA AU KUJERUHIWA

Wananchi, na khasa wavuvi wa majarife, wanakumbushwa kwamba kasa si samaki. Hana matamvua, hupumua kwa mapafu, na akinaswa chini ya maji asiweze kupanda juu huzimia, kisha hufa. Lakini kasa aliyezimia hufanana mno na aliyekufa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: hutupwa baharini mnyama angali hai, naye akazama moja kwa moja.

Kasa anayetolewa wavuni akiwa hajitikisi alazwe kifudifudi, na upande wake wa nyuma unyanyuliwe kiasi cha sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni. Asilazwe chali. Awekwe kivulini, afunikwe kitambaa kilichorowa, na pua ziachwe wazi. Kuzinduka huchukua saa kadhaa, pengine siku nzima, kwa hivyo asikatiwe tamaa mapema. Aguswe taratibu mkiani au pembeni mwa jicho. Akijikunyata, yu hai. Akishapata nguvu ateremshwe baharini kwa upole, mbali na nyavu, mashine ya chombo ikiwa imezimwa.

Ndoana iliyomezwa isivutwe, kwani huchana koo. Kuitoa ni kazi ya daktari wa wanyama. Vile vile kasa anayeelea upande mmoja na kushindwa kupiga mbizi ni mgonjwa. Mara nyingi hewa imezuilika ndani ya mwili wake, na huenda amemeza mfuko wa plastiki akidhani ni konyeza. Kumrejesha baharini hakumsaidii. Kituo cha kutibu kasa kilichopo Watamu, Kenya, hupokea wagonjwa wa aina hii, na wengine hutunzwa kwa miezi kabla ya kuachiwa. Atakayemkuta kasa wa namna hiyo ampe habari Sheha au afisa wa uvuvi.

Kasa aliyejeruhiwa au kufa asiliwe kabisa. Sheria inakataza, lakini liko kubwa zaidi: nyama yake mara nyengine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, isiyo na dawa ya kuiondosha, na inayoweza kumfikia mtoto mchanga kwa maziwa ya mama. Kisiwani Pemba watu saba walifariki Novemba 2021. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na watu 78 walilazwa. Aliyekwisha kula afike hospitali mara moja, bila ya kungoja dalili.