Rwanda: Nchi ya Vilima na Vikapu

Rwanda ni mwendo wa siku moja kwa gari kutoka Mwanza. Mto Kagera unaovuma chini ya daraja la Rusumo, pale mpakani, ndio huohuo unaomwaga maji yake katika ziwa letu, Victoria. Nchi ina kilomita za mraba 26,338, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 13,246,394. Imegawanywa katika majimbo 4 na Jiji la Kigali, na chini yake kuna wilaya 30. Mlima mrefu kuliko yote ni Karisimbi, mita 4,507. Mazao ya kuuza nje ni kahawa na chai. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017.

Takwimu nyingine zimo vitabuni. Kilichonishika mimi ni agaseke.

Agaseke ni kikapu chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Wanyarwanda wanakiheshimu hata wakakiweka katika nembo ya taifa. Msusi hushika kitita chembamba cha nyasi, akakizungushia uzi wa katani, na kwa sindano akashona kila mzunguko juu ya uliotangulia. Mishono hubanana mpaka nyasi za ndani hazionekani kabisa. Michoro yake ya pembepembe hupatikana kwa kubadilisha rangi ya uzi, na msusi huihesabu kichwani bila kuandika popote. Kikapu kimoja humchukua siku nyingi, kwa kuwa lazima pia alime, apike na alee. Harusini, zawadi hubebwa ndani yake.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wajane na wake za waliofungwa kwa mauaji hayo walikaa pamoja wakasuka. Ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, waliwakusanya wasusi, wakaanzisha kampuni ya Gahaya Links, na mwaka 2005 vikapu hivyo vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Fedha ya kikapu ikawa ada ya mtoto na bima ya afya.

Nguvu ya mpango kama huo ni biashara ya haki. Bei hupatanwa kabla ya kazi kuanza, na msusi hulipwa kulingana na jasho lake. Kanuni za kimataifa za biashara hiyo zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atangulize angalau nusu ya malipo, bila riba, akiombwa. Kwa hiyo mama hakopi ili anunue katani.



Hapo ndipo tunapopaswa kujitazama. Kwetu Usukumani mkonge umesimama kwenye mipaka ya mashamba tangu enzi za babu zetu, nasi tunausokota kamba tu. Pamba yetu nyingi husafirishwa nje ikiwa haijawa hata uzi. Iringa akina mama wanasuka vikapu vizuri vya milulu, lakini sisi wenyewe tunabeba samaki wa sokoni kwa ndoo za plastiki. Tukimkuta msusi barabarani tunapunguza bei mpaka anauza kwa hasara, kisha tunasifiana kwa ujanja. Huo si ujanja, ni dhuluma.

Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ni ya wanawake. Maofisa maendeleo ya jamii wa kanda yetu wawatafute wasusi, wawaunganishe katika vikundi vyenye kiwango kimoja cha ubora na bei moja, na wawatafutie wanunuzi wa kudumu. Nawe msomaji, kabla hujamtajia mama bei ya kikapu, muulize kwanza amekisuka kwa siku ngapi.