Wote Waitwao Saa 2 Asubuhi

Katika hospitali zetu nyingi wagonjwa wote wa kliniki huandikiwa saa ile ile: saa 2 asubuhi. Mgonjwa wa kisukari atakiwaye kupimwa kabla hajala hutoka nyumbani alfajiri, akaambiwa daktari angali wodini, na huenda adhana ya adhuhuri ikamkuta bado yu kwenye benchi, akihofu kwamba akienda kuswali jina lake litaitwa.

Twaambiwa tusubiri, madaktari ni wachache. Ni kweli, wala subira hatuikatai. Lakini uchache huo hauelezi kwa nini wote waitwe kwa pamoja. Mwaka 1952, huko Uingereza, Welch na Bailey walionyesha katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wakipangiwa nyakati zinazofuatana, kwa kadiri ya muda wa kumwona mmoja, foleni hupungua sana pasi na daktari kukaa bure. Walitaka na daktari mwenyewe afike kwa wakati!

Hapo pahitajika daftari na kalamu tu. Waganga wafawidhi na waanze na kliniki ya kisukari, ambayo wagonjwa wake hujulikana tangu mwezi uliotangulia.