Bakapu Zilizokufa Kabla ya Ajali

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva ya pili ya hifadhidata. Mzigo ulikuwa umezidi, seva hiyo ikashindwa kwenda sambamba na seva kuu, na kumbukumbu za mabadiliko ilizozihitaji zikafutwa kabla haijazipata. Dawa ilijulikana: safisha seva ya pili, kisha inakili upya kutoka kwenye kuu. Akatoa amri ya kufuta. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba yuko kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilisalia 4.5.

Ni rahisi kumtupia mhandisi lawama zote. Lakini kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga, na yenyewe ilikiri hadharani kwamba hakuna hata moja iliyotegemeka. Nyingine hazikuwa zimewekwa kabisa. Kinga hizo zilikuwa zimeoza kabla ya usiku ule.

Chukua bakapu ya kila siku, iliyopaswa kwenda kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon. Walipoifungua, hawakukuta kitu. Hifadhidata ya PostgreSQL ilikuwa toleo la 9.6, ilhali programu ya kuinakili ilikuwa ya 9.2, nayo hugoma ikikutana na toleo jipya kuliko lake. Kila ilipogoma ilituma taarifa kwa barua pepe, na barua hizo zikakataliwa kwa sababu hazikuwa na saini ya uthibitisho. Kazi ilikwama, kengele nayo ikakwama, na kimya kile kikachukuliwa kuwa salama.

Picha za diski za Azure, huduma ya wingu iliyobeba seva zao, nazo ziliwashwa kwa seva za mafaili tu. Kwa hifadhidata ilidhaniwa njia nyingine zinatosha. Wingi wa kinga ulizaa uzembe: kila moja ilikuwa kisingizio cha kutoikagua nyingine. Seva ya pili nayo haiwezi kuhesabiwa kuwa bakapu. Kazi yake ni kufuata seva kuu, kwa hiyo jedwali likifutwa huku kimakosa, na kule linafutika.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita hivi kabla ya ajali, picha moja ya data ilikuwa imechukuliwa kwa mkono kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Kuirejesha kulichukua saa 18 hivi, maana diski zilikuwa za mwendo wa polepole. Misimbo ya programu ilisalimika, lakini taarifa za hifadhidata za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya 700 hivi havikurudi.

Baadaye kampuni ilijiuliza kwa nini bakapu hazikuwa zikijaribiwa. Jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyekabidhiwa kazi hiyo. Hapo ndipo mporomoko ulipoanzia, na ndipo tiba inapopaswa kuanzia: mtu mmoja anayejulikana, ratiba, seva tupu, na nakala ya jana inayorejeshwa hadi data ihesabike na muda uliotumika uandikwe. Zoezi kama hilo lingekwama kwenye hatua ya kwanza kabisa, mbele ya hifadhi isiyo na kitu, wakati data yote ingali mahali pake.